Injini ya trekta la kukatia nyasi kumisi ikipata moto

Hitilafu hii huzikumba injini za petroli zinazopozwa kwa hewa. Zikiwa baridi huwaka vizuri. Zikishachemka hukohoa, hupoteza nguvu, pengine huzima na kugoma kuwaka hadi zipoe.

Mtuhumiwa mkuu ni koili. Waya wake wenye ufa uliojificha hutanuka kwa joto na kukata umeme, kisha hugusana tena ukipoa. Ndiyo maana kuipima koili baridi hakutoshi kabisa: cheche ya plagi ikaguliwe papo hapo injini inapozima.

Cheche ikiwepo, mfuniko wa tangi ulegezwe. Tundu lake la hewa likiziba, petroli haishuki vizuri kwenye kabureta. Injini ikitulia baada ya kulegeza, chanzo kimepatikana.

Choki iliyokwama hujitambulisha kwa moshi mweusi. Valvu zinahitaji subira zaidi: nafasi yake, takriban milimita 0.1 katika injini nyingi ndogo, ikibana mno, valvu haifungi sawasawa ikiwa na joto na mgandamizo huvuja.

Kinachopuuzwa mno, na kwa kweli kilistahili kutangulia, ni nyasi zilizoziba mapezi ya silinda chini ya kava la feni. Huondolewa kwa brashi, injini ikiwa imepoa na waya wa plagi umechomolewa.