Paka Asiye na Mwenyewe

Huku Kisenge, kama vile Dilolo na Kolwezi, jua likiisha kuzama na paka akapita juu ya ukuta, hakosi mtu wa kusema: "Ile paka iko ya mulozi." Jiwe linarushwa, watoto wanacheka, paka anapotea ndani ya majani. Kesho yake mama wa lupango ule ule analalamika kwamba panya wametoboa mfuko wa unga. Mambo haya mawili tunayaona kila siku, lakini ni mara chache tunayaunganisha. Katika kurasa hizi tunataka kueleza paka alifika kwa watu kwa njia gani, kwa nini paka wengi wa nje hapa kwetu wanatukimbia, na jinsi mtu anavyoweza kumfanya paka kama huyo amtumainie tena.

Kwanza tujue kwamba paka si mnyama kama mbuzi. Mbuzi na ng'ombe, wankambo wa watu waliwashika, wakawafunga, wakawachunga. Paka alijileta. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza asili ya paka wa nyumbani wa nchi nyingi walionyesha kwamba wote wametoka katika ukoo mmoja wa paka wa pori, yule ambaye Kiswahili kinamwita kimburu. Ndugu zake wanaishi hata katika mbuga za kusini mwa Kongo: wembamba, miguu mirefu, rangi ya kijivu au ya majani makavu, na nyuma ya masikio wekundu kidogo. Huko Mashariki ya Kati watu walipoanza kulima ngano na shayiri na kuiweka ghalani, panya walikuja kwenye ghala, na kimburu akawafuata panya. Hakuna aliyemwita. Kimburu aliyeweza kuvumilia sauti na harufu ya mtu alishiba na kuzaa karibu na ghala; aliyeshindwa alibaki porini. Kwa hiyo tangu mwanzo mapatano yalikuwa haya: wewe usinifukuze, na mimi nitakula panya wako.

Urafiki huo ni wa zamani sana. Katika kisiwa cha Cyprus, mahali panapoitwa Shillourokambos, wachimbuaji walikuta kaburi la mtu na karibu yake paka aliyezikwa mzima. Habari zake zilitangazwa mwaka 2004, na umri wa kaburi ulikadiriwa kuwa miaka 9,500 hivi. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Maana yake kuna mtu aliyemvusha bahari ndani ya chombo, na paka akakubali kuvushwa.

Huku kwetu ndani ya bara, paka wa nyumbani si mwenyeji wa siku nyingi. Ushahidi mzuri tunaupata katika lugha. Wanyama ambao Wabantu wanawajua tangu kale, kama chui na simba, wana majina ya kale pia. Lakini kwa paka kila watu wameazima au wamebuni. Waganda wanasema kkapa, ambalo ni paka la Kiswahili lililogeuzwa silabi. Wabemba wanasema pushi, kutoka kwa Waingereza. Kwa Kilingala ni niawu, yaani wamemwita kwa sauti yake mwenyewe. Mahali jina limeazimwa, mara nyingi na kitu kimekuja kutoka nje. Mimi naona kwamba jina paka liliingia Katanga kwa njia ile ile iliyotuletea Kiswahili: misafara ya pembe na shaba kati ya pwani na Bunkeya kwa Msiri, kabla hajauawa mwaka 1891. Hata panya mweusi wa nyumbani ni mgeni. Mifupa yake ya kale imepatikana Unguja, mahali ambapo vyombo vya Bahari ya Hindi vilikuwa vinatia nanga. Mwizi na polisi walisafiri njia moja!

Kisha likaja gari la moshi. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliungana na reli ya Katanga upande wa Dilolo, na nchi yetu ya Walunda na Wachokwe ikawa mlango wa kuelekea bahari ya Lobito. Baada ya vita kuu ya pili kampuni ya BCK-Manganèse ikaanza kuchimba manganese ya Kisenge, na kambi ya wafanyakazi ikakua. Wanaojua maisha ya makambi ya Katanga wanakumbuka neno posho: chakula ambacho kampuni iligawia wafanyakazi kwa kipimo, unga, mafuta, samaki wa chumvi. Penye posho pana bohari, na penye bohari pana panya. Paka wa kambi hakuhitaji mtu wa kumfuga. Alikuwa na kazi yake kama wengine, ila yeye hakuandikwa katika kitabu cha kapita.

Basi, kwa nini leo anakimbia? Lazima tukumbuke yaliyopata watu. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli, na manganese ikalundikana bila kuwa na njia ya kutoka. Tarehe 8 Machi 1977 askari wa FNLC walivuka mpaka kutoka Angola, na katika siku chache Dilolo, Kisenge na Kapanga zilikuwa mikononi mwao. Jeshi la Zaire likisaidiwa na askari wa Maroko lilipozirudisha, raia wengi walikimbilia upande wa pili wa mpaka. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Kolwezi. Tena mwaka 1992 na 1993, huko Likasi na Kolwezi, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa nyumbani mwao, zikalala kwenye gare kwa wiki na miezi zikingoja treni. Mwenye kubeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani hana mkono wa kubebea paka. Paka hubaki, kwa sababu yeye anashika mahali kuliko anavyoshika mtu.

Aliyebaki hivyo huwa shume. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto wa paka anajifunza kumzoea binadamu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Mtaalamu Eileen Karsh, wa Marekani, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1980. Mtoto aliyeshikwa na mikono ya watu katika wiki zile anakuwa mpole. Aliyezaliwa chini ya bohari tupu bila kuguswa na mtu anakua akituona sisi kama anavyomwona mbwa. Kwa hiyo unapomwona paka mwoga nyuma ya jiko lako, hujui kama ni wa aina ya kwanza au ya pili: aliyekuwa na watu akawapoteza, au ambaye hakuwahi kuwa nao. Huyu wa kwanza anaweza kurudi. Yule wa pili pengine hatakubali kubebwa hata siku moja, lakini anaweza kukubali kuishi lupango moja nanyi, na kwa habari ya panya hiyo inatosha.

Mtu atauliza: nifanye nini, namshika? Hapana, usimshike. Hapo ndipo vijana wetu wanaharibu mambo, wanamtega kwa kamba au kwa kikapu, halafu wanashangaa kupasuliwa mikono. Kazi inaanza na saa. Weka chakula kidogo mahali pamoja, saa ile ile, mfano jioni bukari ikiisha kupikwa: kichwa cha samaki, au kipande cha makayabu kilicholowekwa mpaka chumvi ikatoka. Maziwa si lazima, paka wengi wazima yanawaharisha. Weka maji safi. Halafu uondoke. Ndiyo, uondoke kabisa, maana siku za kwanza anajifunza mahali na saa, hajifunzi wewe.

Akianza kuja bila kungoja giza, unaweza kubaki, lakini mbali, hatua kumi au zaidi. Kaa chini, kwa sababu mtu aliyesimama ni mti unaoweza kuanguka. Mpe ubavu, si uso. Usimkazie macho, kwa maana kati ya paka kukaziana macho ni kuitana ugomvi. Akikutazama, fumba macho polepole na kuyafumbua. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka humkaribia mgeni anayefanya hivyo kwa urahisi zaidi kuliko asiyefanya. Zungumza kwa sauti ndogo, maneno yale yale kila siku. Kila baada ya siku kadhaa sogeza sahani kidogo upande wako. Akirudi nyuma, na wewe rudisha sahani. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, na jiwe moja la mtoto wa jirani linaweza kuwarudisha nyinyi wawili kwenye siku ya kwanza. Ndiyo maana ni lazima lupango mzima upatane: mama, watoto, hata yaya anayekuja kutembea.

Siku atakapojipangusa kwenye mguu wako, bado usimwinue. Nyoosha kidole chini, akinuse. Kama ameleta shavu mwenyewe, mguse shavuni au chini ya kidevu, si tumboni, kisha uache yeye akiwa bado anataka. Na ikitokea akuume, usipuuze: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, uende hospitali, kwa sababu kichaa cha mbwa hupita hata kwa paka.

Kuhusu mulozi, hatuandiki hapa kuwadharau wazee. Lakini macho yanayowaka usiku yana sababu yake: nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, kama ulivyo ndani ya jicho la mbuzi na la ng'ombe, na hakuna anayempiga mbuzi kwa ajili hiyo. Kutembea usiku pia si uchawi, kwa maana panya wake ndipo wanapotoka. Mtu akisema paka huyu hana mwenyewe, amesema kweli. Walakini kutokuwa na mwenyewe, katika nchi ambayo watu wameikimbia na kuirudia mara nyingi hivi, si hatia.

Ikiwa ni paka jike, mtazame wakati wa kuzaa. Akiona lupango una amani, anaweza kuwabeba watoto wake kwa shingo, mmoja mmoja, akawaleta chini ya ghala lenu la mahindi. Hapo hesabuni wiki. Kuanzia ya pili, kama mama yao amekwenda kuwinda, watoto wa nyumba wawachukue mikononi kidogo kila siku, kwa upole, na kuwarudisha palepale kabla hajafika.