Kinasa-mtetemo cha Koili Moja

Mpiga gitaa la umeme anayetaka kubadilisha kifaa kilicho chini ya nyuzi zake hukutana na maneno mawili kabla hajaulizia bei: pikapu, ambalo ni jina la kifaa, na koili moja, ambayo ni sifa yake. Hoja yangu ni kwamba kifaa hiki kiitwe kinasa-mtetemo, na kwamba "koili moja" itumike kuhesabu koili tu, isitumike kutaja ukubwa wa kifaa wala mlio wake. Wanunuzi wengi hukosea kwa sababu maneno haya hubebeshwa maana yasiyokuwa nayo.

Tuanze na kazi ya kifaa. Ndani yake mna sumaku, na waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma uliopigwa hutetemeka ndani ya uga wa sumaku na kuuvuruga, na mvurugo huo huzalisha umeme katika koili, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Kwa hiyo kifaa hakisikii sauti hata kidogo. Funga nyuzi za nailoni: gitaa litalia chumbani, lakini amplifaya itanyamaza, kwa kuwa nailoni haivutwi na sumaku. Ndiyo maana "kinasa sauti" halifai, mbali na kwamba jina hilo tumekwisha kuipa mashine ya kurekodi. Huenda mtu akapinga kwamba vipo vifaa vya aina hii vinavyopiga mluzi amplifaya ikifunguliwa sana, kana kwamba vinasikia. Kinachotokea hapo ni kwamba waya wa koili haukukazwa vizuri kwa nta, nao unatetemeka wenyewe ndani ya uga wa sumaku. Hata katika kasoro hiyo kinachonaswa ni mtetemo.

Pingamizi zito zaidi ni la mazoea: neno pikapu limekwisha kuingia vinywani. Sioni tatizo kwamba pikapu ni gari pia, maana Kiswahili kina kaa la moto na kaa wa baharini, na hakuna anayepotea. Tatizo ni kwamba pikapu halimwambii mwanafunzi chochote juu ya kazi ya kifaa, ilhali kinasa-mtetemo kimeundwa kwa njia ileile iliyotupa kipaza sauti na kipimajoto. Jukwaani neno pikapu libaki. Katika kamusi, vitabu vya ufundi na darasani, jina linaloeleza ndilo linalostahili.

Sasa koili moja. Katika Stratocaster, gitaa lililotolewa na Fender mwaka 1954, vijiti sita vya sumaku ya alniko (aloi ya aluminiamu, nikeli na kobalti) hupita katikati ya koili nyembamba iliyosimama, na mlio wake ni mwangavu, kila noti ikijitenga na nyingine. Kwenye Telecaster, gitaa jingine la Fender, kinasa-mtetemo cha upande wa daraja kina bamba la chuma chini yake, na sauti yake ina makali zaidi. P-90, kinasa-mtetemo cha kampuni ya Gibson kilichoanza mwaka 1946, ina koili pana na fupi, sumaku zimelala chini yake, na skrubu za chuma ndizo zinazoupeleka uga kwenye nyuzi. Sauti yake ni nene, imejaa katikati. Zote tatu ni koili moja. Kinyume chake, viko vifaa vyenye umbo la kile cha Stratocaster ambavyo ndani vimebeba koili mbili zilizopandanishwa, na huuzwa kwenye rafu ileile. Anayetumia neno hili kama kipimo cha ukubwa atakiacha nje kifaa kinachostahili jina na kukiingiza kisichostahili.

Kwa nini basi mtu achague koili moja, wakati inajulikana kwamba huvuma? Ni kweli inavuma: inapokea uga wa nyaya za umeme wa nyumbani, ambao Kenya na Tanzania ni wa hezi 50. Seth Lover wa Gibson alilitatua hilo katika miaka ya 1950 kwa koili mbili zenye sumaku na mizunguko iliyopingana, mvumo ukajifuta. Lakini koili mbili zilizoungwa kwa mfululizo hupunguza masafa ya juu, na husoma uzi mahali pawili, hivyo baadhi ya masafa hayo hufutana. Katika dansi na benga, gitaa la solo na la rithimu hupishana kwa karibu mno, na kwa maoni yangu uwazi wa kila noti una thamani kuliko ukimya kati ya nyimbo.

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani kwa kilo-omu kana kwamba ndio nguvu ya kifaa. Ukinzani hubadilika hata kwa unene wa waya, kwa hiyo peke yake hautoshi kulinganisha vinasa-mtetemo viwili. Kabla ya kulipa, uliza sumaku ni ya aina gani na imekaa wapi, koili ni pana au nyembamba, na kifaa kimetengenezwa kwa upande wa shingo au wa daraja. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo, mwachie bidhaa yake.