Nguo ya Marekani na Pembe Sita

Mtu aliyefundisha hesabu kwa miaka mingi hufika mahali akadhani kwamba hesabu ni mali yake. Nami nilidhani hivyo, hadi mwaka 1982 nilipoharibu mita mbili za nguo ya mke wangu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, maana uliundwa mwaka 2012. Sisi tulikuwa bado chini ya Shinyanga. Kila msimu malori yalipita yakiwa yameshiba pamba yetu, lakini madukani hapakuwa na nguo. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na viwanda kama Mwatex cha Mwanza na Urafiki cha Dar es Salaam vilipungukiwa vipuri. Mkulima aliyevuna pamba aliamka alfajiri kupanga foleni kwenye duka la kijiji, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Blanketi ndiyo kabisa, lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Mke wangu alikuwa mjamzito, naye alitaka mtoto azaliwe akute kitu cha kumfunika katika baridi ya Juni. Alikuwa amefundishwa na mtawa mmoja Mmarekani kushona blanketi la vipande vya pembe sita: vipande vya rangi hupangwa kama maua, na vyeupe hupita katikati kama njia za bustani. Vya rangi aliviokota kwenye baraza za mafundi cherehani pale mjini, kimoja kimoja, kwa miezi mitano. Kwa vile vyeupe alikuwa na mita mbili za marekani, alizozitunza sandukuni tangu kabla ya vita.

Jina la nguo hiyo lina historia yake. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem wakaleta nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi. Watu wakaiita kwa jina la kwao. Misafara iliipeleka bara hadi Unyamwezi, na huko ilitumika kama fedha. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Na huko huko Marekani, mwaka 1835, jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilichapisha mfano wa kushona vipande vya pembe sita. Nguo ilitufikia mapema. Mshono wake ulichelewa kama miaka mia na arobaini.

Basi nikamwambia mke wangu, "Niachie mimi kazi ya kukata." Nilichukua bikari, nikachora duara kwenye karatasi ya manila, nikapima nusu kipenyo mara sita kulizunguka, nikapata kiolezo safi chenye pande za sentimita 6. Kisha nikagawanya nguo katika mistatili, kila kipande na chumba chake, kama ninavyochora ubaoni. Nilifurahi kuona mistari imenyooka. Tulihitaji vipande 160. Nilipomaliza kukata nilihesabu 133.

Mke wangu hakunigombeza. Aliokota pembetatu zilizoanguka, akazipanga mkekani mstari mmoja, halafu akasema, "Mwalimu, hii nayo ilikuwa nguo." Kisha akachukua kile kiolezo changu akakiweka juu ya gazeti, akachora safu ya kwanza, na safu ya pili akaisogeza nusu hatua ili vipeo viingie kwenye mabonde ya jirani, kama masega ya nyuki. Hakikubaki kitu katikati. Upotevu ulikuwa kingoni tu.

Usiku nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga asubuhi. Pembesita huchukua robo tatu tu ya mstatili wake. Robo nzima hutupwa. Kwa nguo yenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2, mpango wake ungetoa vipande 167. Tungebakiwa na 7. Mimi nilimpunguzia 27.

Marekani nyingine haikupatikana Bariadi wala Maswa. Mwishowe alifungua sanduku akatoa kitenge alichovaa siku ya harusi yetu, mwaka 1975, akakata vipande 27. Nilimwomba asikate. Alinijibu kwamba mtoto hatangoja bajeti ya serikali. Ruhusa ya kuagiza bidhaa kwa fedha binafsi za kigeni ilikuja na bajeti ya mwaka 1984, na mitumba ikajaa magulioni. Binti yetu alikuwa tayari anakimbia.

Baadaye nilihamishiwa chuo cha ualimu, ambako nilikuja kuwa mkuu. Kila mwaka niliwapa wanachuo gazeti na mkasi, nikawaambia wakate pembesita nyingi kadiri wawezavyo. Wengi walianza na mistatili. Niliwaeleza kwamba Pappus wa Alexandria aliwasifu nyuki kwa jambo hili katika karne ya 4, na kwamba mwaka 1999 Mmarekani Thomas Hales alithibitisha kuwa hakuna namna nyingine ya kugawa uwanda katika maeneo sawa kwa mipaka mifupi zaidi. Kwa mshonaji maana yake ni uzi kidogo, na uzi nao ulikuwa haupatikani. Habari za kitenge sikuwaeleza.

Blanketi sasa liko kwa binti yetu. Marekani imekuwa nyembamba kwa kufuliwa, na maua mengine yamepauka. Vile vipande 27 vimekaa ukingo mmoja, bado vina rangi. Wajukuu huuliza kwa nini upande ule hauna njia nyeupe. Bibi yao hunitazama, nami ndiye ninayejibu.