Viazi Dhidi ya Kokoto

Hivi umewahi kujiuliza kokoto za ghorofa unaloishi zilitoka wapi? Mimi nilikuwa sijiulizi, mpaka nilipokutana na kisa cha Melancthon.

Melancthon iko Ontario, Kanada, kama kilomita 100 kaskazini-magharibi mwa Toronto. Udongo wake unasifika kwa viazi. Kuanzia mwaka 2006, Highland Companies ilinunua mashamba huko, moja baada ya jingine. Wenyeji waliambiwa mnunuzi anataka kulima viazi. Na kweli alilima!

Machi 2011 siri ikatoka. Kampuni iliomba kibali cha kuchimba mawe ya kokoto kwenye ekari 2,316. Nyuma yake kulikuwa na mfuko wa uwekezaji wa Boston, Marekani. Shimo lingeshuka chini kabisa ya usawa wa maji ya ardhini, hivyo lita milioni 600 zingevutwa kwa pampu kila siku ili lisifurike. Maombi yenyewe yalikuwa na kurasa zaidi ya 3,000. Wananchi walipewa siku 45 kuyapinga. Mkulima aache shamba asome kurasa 3,000?

Hawakuishia kulalamika. Aprili 2011 waandamanaji walitembea siku tano kutoka bunge la jimbo, Toronto, hadi Melancthon. Septemba serikali ikaagiza tathmini ya mazingira, jambo ambalo sheria ya Ontario haikulidai kwa machimbo ya aina hiyo.

Lakini nadhani karata kubwa ilikuwa chakula. Oktoba 2011 mpishi Michael Stadtländer na wenzake wapatao 100 walipika shambani, mvua ikinyesha, na maelfu kwa maelfu ya watu wakafika. Mwaka uliofuata wakahamishia sufuria Toronto kwenyewe, safari hii kwa supu. Mtu wa mjini akaelewa: kinachochimbwa kule ni sahani yangu.

Novemba 2012 kampuni iliondoa maombi yake. Mwaka 2013 mashamba yakauzwa, na kilimo kikaendelea.

Tusijidanganye, Toronto bado inajengwa, na kokoto zake zinatoka kwenye ardhi ya mtu fulani. Hapo ndipo kisa hiki kinaponigusa. Sisi wa mjini ndio tunaohitaji kokoto, na ndio tunaokula viazi. Wanakijiji wa Melancthon walishinda siku tulipokubali kwamba ugomvi wao ulikuwa wetu. Je, vijiji visivyo na viazi maarufu wala wapishi maarufu, vitasikilizwa na nani?