Mwembe Usiokuwamo Kwenye Ramani

Nyumbani kwetu Zinga, kusini ya mji wa Bagamoyo, palikuwa na mwembe mmoja wa dodo ambao bibi yangu aliukuta alipoolewa. Chini yake walikaa wageni wa msiba, watoto walisomea juzuu, mafundi walitengenezea vitanda. Mjomba alipopata fedha za kujenga akaleta ramani ya nyumba ya vyumba vinne, imechorwa kwa kompyuta, safi kama noti mpya. Mafundi walipovuta kamba, kona ya sebule ikaangukia kwenye shina la mwembe. Fundi akaikunjua ramani, akaigeuza juu chini. Mwembe haumo. "Ramani ndiyo ramani," akasema. Ukakatwa Jumamosi, na bibi akashinda ndani siku nzima.

Ndugu msomaji, ramani ile niliichora mimi.

Nilikuwa nimemaliza shule, nimepata kibarua katika ofisi moja ya ramani Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuchapa na kukunja makaratasi, lakini jioni wakubwa wakiondoka nilikaa mbele ya kompyuta nikajifunza programu ya kuchorea. Nikawa mwepesi, si mchezo. Mjomba aliponiambia, "Mwanangu, nataka ramani kabla ya mwezi kuisha," nilifungua faili ya nyumba ya mtu mwingine kabisa, nikafuta jina, nikahamisha choo, nikaandika "Zinga." Dakika arobaini, kazi kwisha. Kiwanjani sikwenda. Niende kufanya nini, si nilizaliwa pale?

Tangu siku ile najiuliza: haraka hii ya kuchora ilitoka wapi? Na waliotutangulia, wasiokuwa na umeme wala kipanya, waliwezaje kujenga miji mizima?

Tuanzie hapa hapa jirani. Ukitoka Zinga kuelekea Bagamoyo mjini, unafika Kaole. Pale pamebaki kuta za msikiti wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo, vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Waashi wa mwambao walibeba vipimo mwilini mwao. Shibiri ni upana wa kiganja kilichotanuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa nne ni pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Mafundi wakikubaliana mkono wa nani ndio kipimo cha kazi hiyo, wote wanakwenda sawa.

Tena walikuwa na kipimo kikubwa zaidi, nacho ni boriti. Boriti za mikoko zilikatwa kwenye delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zikapakiwa majahazini mpaka Arabuni. Ukizilaza kutoka ukuta hadi ukuta ili kubeba dari ya mawe na chokaa, haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi bila kulemewa. Ndiyo maana ukiingia nyumba za kale za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, vyumba ni virefu na vyembamba, na upana wake unakaribiana nyumba hadi nyumba. Boriti ilikwisha kumaliza hesabu ya upana. Fundi hakuwa na haja ya kuumiza kichwa kila chumba. Akili yake aliiweka kwenye mambo yanayobadilika: jua linachomozea wapi, upepo wa kusi unapita wapi, maji ya mvua yatateremkia upande gani, jirani ataonekana dirishani au la. Kwa maneno mengine, kinachojirudia kilipatiwa jawabu mara moja, na kisichojirudia kikaendewa kwa miguu.

Shikilia hapo, tutarudi.

Baadaye ikaja zama ya karatasi. Mchoraji alisimama kwenye meza iliyoinama, na rula ndefu yenye umbo la herufi T, pembetatu, kalamu ya wino na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Mteja akibadili mawazo kuhusu mlango, wino unakwanguliwa kwa wembe, taratibu. Mlango huo huo umo kwenye ramani ya chini, umo kwenye sura ya mbele, umo kwenye mkato, umo kwenye orodha ya milango. Ukikwangua mara tatu mahali pamoja, karatasi inatoboka, na unaanza upya. Wazee wa kazi hii watakwambia kwamba uchoraji ulikuwa kunakili zaidi kuliko kufikiri.

Hata hivyo, katika zama hiyo ndipo ilipochorwa kazi moja ninayoipenda kuliko zote hapa nchini, nayo ni Soko la Kariakoo. Mbunifu wake ni Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea Haifa nchini Israel, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa na ofisi yao wenyewe ya ubunifu majengo. Soko lilijengwa kati ya 1971 na 1974. Tazama paa lake: ni miavuli ya zege, mmoja kando ya mwenziwe. Kila mwavuli unakinga jua kama mti wa gulioni, unapokea mvua, na maji yanateremka ndani kwenda kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko lile, na watu wakalia kama wamefiwa.

Ninachotaka ukione ni hiki: Amuli alibuni mwavuli mmoja vizuri, kisha akaurudia. Lakini mwavuli wenyewe haukutoka hewani. Ulitokana na jua la Dar es Salaam, mvua ya Dar es Salaam, na desturi yetu ya kuuza bidhaa kivulini. Kurudia kulikuja baada ya kuangalia. Mimi kwa mjomba nilirudia kwanza.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Mwaka 1963, huko Marekani, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha MIT aitwaye Ivan Sutherland alionyesha programu yake, Sketchpad. Mtu alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta iliyojaza chumba. Jambo la ajabu halikuwa mistari kunyooka. Ni kwamba uliweza kuchora kitu kimoja cha asili, ukakipandikiza mahali pengi, na ukirekebisha cha asili, nakala zote zinafuata. Wembe ukakosa kazi.

Je, sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974, mwaka ule ule Kariakoo inamalizika, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ililegea polepole, na mlango ulifunguka hasa miaka ya 90. Katikati ya hapo dunia haikusubiri. Kampuni ya Autodesk ilianzishwa Marekani mwaka 1982, na mwishoni mwa mwaka huo huo ikatoa AutoCAD, iliyoweza kukaa kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Hungary nao walitoa ArchiCAD katika miaka hiyo ya 80, ambamo ukuta si mistari miwili tu. Programu inajua kwamba huu ni ukuta, una unene, na mlango ukiuhamisha kwenye ramani ya chini unahama wenyewe kwenye sura ya mbele.

Kwa hiyo mafundi wetu wa ramani waliruka hatua, kutoka kwenye wembe moja kwa moja hadi kwenye kipanya. Na unajua mtu anayeruka hatua. Akitua, huendelea kutembea mwendo wake wa zamani. Nimeona kwa macho yangu watu wanachora dirisha moja mara kumi na nne ndani ya kompyuta, kila moja kwa mkono, kama vile bado wana wino. Halafu wanasema kompyuta ni nzito!

Wenye kuifaidi programu wanafanya mambo machache tu. Kwanza, wanagawa mchoro katika matabaka: kuta tabaka lake, umeme tabaka lake, mabomba lake, miti na vijia na mteremko wa ardhi lake. Ukitaka kuona bustani peke yake, unazima mengine. Pili, dirisha, mlango, sinki na nguzo huchorwa mara moja na kuhifadhiwa kama kitu kimoja, kisha huitwa kila vinapohitajika. Tatu, mkono wa kushoto haulali. Kwenye AutoCAD, herufi L inaleta mstari, M inahamisha, CO inanakili, na mkono wa kulia unabaki kwenye kipanya. Nne, mchoro wa kiwanja unawekwa faili yake, na nyumba inaunganishwa humo, ili kiwanja kikirekebishwa wote wanaohusika waone.

Ukitazama vizuri, hayo ni ya kale. Dirisha lililohifadhiwa ni boriti. Matabaka ni kama fundi anayemaliza msingi ndipo azungumze dari. Sutherland na mwashi wa Lamu wangekaa baraza moja wangeelewana, wangekosa lugha tu.

Tofauti iko kwenye jambo la nne, la kiwanja. Boriti haikumpa fundi nafasi ya kutofika kiwanjani. Ilibidi aende nayo begani. Faili inakupa nafasi hiyo. Inakaa kimya, nyeupe, tambarare, haina mwembe, haina kaburi, haina mkondo wa maji. Usipoviweka, haitakuuliza.

Na kwetu jambo hili si dogo. Mkataba wa awali wa bandari kubwa iliyotangazwa Mbegani, karibu nasi, ulitiwa saini 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, na mwaka 2019 mradi ukasimama. Kila habari ya bandari ikitokea, viwanja vinatafutwa, ramani zinatafutwa, na zote zinatakiwa jana. Ukipita njia ya Bagamoyo utaona nyumba pacha, moja imeelekea bahari, ya pili imegeuzia bahari choo. Aliyechora ni mmoja, faili ni moja, hakugeuza hata shingo.

Mjomba hakunilaumu. Nyumba imeisha, ni nzuri, ila mchana sebule ni tanuri, maana upande ule ndio uliokuwa na kivuli cha mwembe. Wamenunua feni mbili. Bibi ndiye aliyeniuliza, tena kwa upole: "Mjukuu wangu, hivyo wewe hukuukumbuka?" Nilikosa la kumjibu. Niliukumbuka sana, nilikula maembe yake tangu sina meno. Ila nilipokuwa nachora sikuwa Zinga, nilikuwa ndani ya faili ya mtu wa Tegeta.

Siku hizi nikipewa kazi, hata ya kibanda cha kuku, naanza na futi kamba, kalamu na daftari. Nazunguka kiwanja, naandika kila mti, unene wa shina na upana wa kivuli chake, naangalia maji yamechimba wapi. Nikifika kwenye kompyuta, tabaka la kwanza kufungua ni la miti na ardhi, kuta zinasubiri. Inanichukua nusu siku zaidi. Kisha nyumba yenyewe inakwenda haraka kuliko zamani, kwa sababu madirisha na milango yangu nimekwisha yatengeneza, na sirudi nyuma kufuta.

Nyuma ya nyumba ya mjomba nimepanda mche wa dodo, mita sita kutoka ukutani. Nimeuweka pia kwenye ile ramani ya zamani, kwa duara dogo la kijani. Bibi aliniomba nimchapishie. Hajui kusoma ramani, lakini duara lile aliliona upesi, akaliwekea kidole.