Miaka 13 tu umeshapitwa na taji? Huku Upare hesabu ilikuwa kinyume

Leo hatupekui ndoa ya mtu, tunarudi nyuma kwenye historia. Ila umbea kidogo lazima uwepo.

Kuna mama mmoja hapa Same mjini, jina nabaki nalo mwenyewe. Mdogo wake anaishi Marekani, juzi karusha picha kwenye grupu la familia: katoto ka miaka 5, gauni linang'aa, nywele zimebanwa juu, taji kichwani, kucha za rangi. Kamepambwa kama binti mfalme kule Disney, Florida. Binti wa huyu mama, ana miaka 13, akasema na yeye ipo siku ataenda. Akaingia gugo kuangalia. Alivyotoka huko kanuna! Duka lile, lililofunguliwa 2006, linapamba watoto wa miaka 3 mpaka 12 basi. Akamuuliza mama yake, "Kwani mimi nimeshazeeka?"

Nilicheka sana. Ila nikabaki nawaza, maana hata hizo nywele za kubana hana. Yuko kidato cha kwanza, kichwa kipara kama sheria ya shule inavyotaka.

Sasa angalia. Kwa wenzetu, mlango wa kupambwa unafungwa ukifika 13. Huku kwetu zamani ndio ulikuwa unakaribia kufunguliwa.

Anza na majirani zetu Wamasai wa huku tambarare. Layoni, yaani kijana ambaye hajatahiriwa, haruhusiwi kufuga nywele za moran. Akishaingia umoran ndio anazifuga, anazisuka, anazipaka udongo mwekundu na mafuta. Na kuna mwisho wake pia: kwenye sherehe ya eunoto mama yake mzazi anamnyoa, anaanza safari ya uzee. Wale Wamasai wanaowasuka nyinyi rasta huko Dar, usifikiri ufundi waliupata saluni.

Panda sasa mlimani, Ugweno, wilaya ya Mwanga. Vijana waliingia jandoni kwenye msitu maalumu unaoitwa mshitu, wakitoka wanahesabika watu wazima. Mwanahistoria Isaria Kimambo, naye Mpare, aliandika kwenye kitabu chake cha 1969 jinsi jando la Ugweno lilivyokuwa jambo la utawala mzima, sio la familia moja. Ndio maana baadhi ya misitu ile ilitunzwa vizazi na vizazi.

Sisemi zamani kila kitu kilikuwa kitamu. Jandoni kulikuwa na maumivu na vitisho, na hakuna aliyekuuliza kama unataka. Ila kitu kimoja nakipenda: ukiambiwa "bado", ulijua unasubiri nini, na ulisubiri na wa rika lako. Hakuna aliyekaa mlangoni peke yake.

Leo je? Msichana wa miaka 13 ameshapitwa na taji la mchezo. Shuleni anaambiwa nywele bado, subiri umalize kidato cha nne. Halafu fungua Sheria ya Ndoa ya 1971: msichana wa miaka 15 anaweza kuolewa mzazi akikubali, wakati mvulana ni 18. Yaani miaka miwili tu baada ya kuwa mkubwa mno kwa gauni la kuigiza, kuna sheria iliyomwona anatosha kwa shela ya ukweli! Mahakama Kuu ilisema 2016 hiyo ni kinyume cha Katiba, umri uwe 18 kwa wote, na Mahakama ya Rufani ikakazia hapohapo 2019. Kwa hiyo mtu akikwambia "sheria inaruhusu", mjibu na hilo.

Mimi sina ugomvi na duka la watu kuweka umri. Tatizo ni sisi kumwambia mtoto "umekua" pale tunapotaka tu. Kwenye kuchezea, umekua. Kwenye kuchagua mtindo wa nywele, bado mtoto. Kwenye mahari, ghafla umekua tena.

Yule binti mama yake alimfunga kilemba cha kitenge, wakapiga picha kibarazani. Kapendeza balaa, na hakuna aliyemuuliza umri.

Wewe kwenu ulianza kuruhusiwa kusuka au kupaka wanja ukiwa na miaka mingapi? Nani aliamua? Tupia komenti hapo chini, nasoma zote.