Wosia unaosomesha: kutoka wakfu wa Baghdad hadi sarafu kumi za Hattiesburg

Wosia wa kusomesha ni agizo la mtu kwamba, akishafariki, sehemu ya mali yake igharimie masomo ya watu ambao huenda hakuwahi kuwaona. Kwa kawaida mali hiyo haigawiwi wanafunzi ikaisha. Huwekezwa katika nyumba, mashamba, hisa au hati fungani, na kinacholipa ada ni faida ya mwaka tu. Mfuko wa dola 150,000 unaotoa asilimia 4 kwa mwaka hukipatia chuo dola 6,000, na mwaka ukigeuka mtaji ungali vilevile. Hesabu ni nyepesi. Kazi ngumu ni kuwapata watu watakaoulinda mtaji huo wakati mwenyewe yuko kaburini.

Waislamu waliujua utaratibu huu mapema. Wakfu huwekwa na mtu angali hai, au kwa wosia usiozidi theluthi ya mali yake, na mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Chuo cha Nizamiyya kilichofunguliwa Baghdad mwaka 1067 na waziri Nizam al-Mulk kiliendeshwa kwa pato la wakfu, lililowalipa walimu na kuwatunza wanafunzi. Mwanazuoni Imamu Ghazali alianza kufundisha hapo mwaka 1091. Huko Cairo, wanafunzi wa chuo cha Al-Azhar walikaa katika mabweni yaliyoitwa riwaki, kila watu na riwaki yao kwa kadiri ya nchi walikotoka, na posho yao ya mikate ilitokana na wakfu. Moja ya riwaki hizo ilikuwa ya Wajabarti, Waislamu wa Pembe ya Afrika. Babu zake mwanahistoria mashuhuri Abd al-Rahman al-Jabarti walikuwa wakuu wa riwaki hiyo kizazi baada ya kizazi.

Uingereza ina mfano wa jinsi wosia unavyoweza kuponyoka. Mwaka 1249 mwanazuoni William wa Durham alifariki mjini Rouen, Ufaransa, akiwa ameuachia Chuo Kikuu cha Oxford marki 310, kipimo cha fedha cha wakati huo. Aliagiza zinunuliwe mali za kupangisha, na kodi yake iwatunze wasomi kumi au zaidi wanaosoma teolojia. Baadhi ya nyumba zilinunuliwa kweli, lakini fedha nyingine chuo kikuu kilizitumia kwa shida zake chenyewe na nyingine kikazikopesha. Uchunguzi ulipofanywa mwaka 1280, kilichosalia kilitosha wasomi wanne tu. Hao wanne ndio waliokuwa chimbuko la kile kinachoitwa leo University College.

Wosia mwingine haupotei, ila masharti yake hupitwa na wakati. Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902 akiwa amejitajirisha kwa almasi na kwa ardhi za Waafrika, aliacha fedha za kuwapeleka vijana Oxford. Uhitaji haukuwa kigezo chake, na wanawake aliwaacha nje kabisa. Ilibidi sheria ya Uingereza iingilie kati ndipo wanawake wa kwanza wakapokewa mwaka 1977.

Wosia mmoja uliowagusa wengi katika zama zetu haukutoka kwa tajiri. Osceola McCarty, mwanamke mweusi aliyezaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1908, aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze shangazi yake. Hakurudi tena. Kwa takriban miaka 75 alikuwa dobi mjini Hattiesburg. Nguo nyeupe alizichemsha katika chungu kikubwa cheusi uani, akazisugua kwenye ubao, akazisuuza, akazianika kambani, kisha akazipiga pasi. Aliwahi kujaribu mashine ya kufulia, akaona haitakatishi kama mikono yake. Hakuwa na gari. Alikwenda kwa miguu, na viatu vikimbana alivikata penye vidole. Alichobakiza kila mara alikipeleka benki, asikiguse.

Alipoacha kazi kwa sababu ya yabisi ya viungo, ofisa wa benki alimwekea mezani sarafu kumi za senti kumi kumi, kila moja ikisimama badala ya sehemu moja ya kumi ya akiba yake, pamoja na vikaratasi vya majina. McCarty aliweka moja kwa ajili ya kanisa lake, tatu kwa ndugu zake, na sita kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi. Sita hizo zilikadiriwa kuwa dola 150,000.

Chuo hicho kilikuwa jirani naye karibu maisha yake yote, lakini hakikupokea wanafunzi weusi hadi mwaka 1965. Kabla ya hapo Clyde Kennard, mkulima mweusi aliyekuwa ameanza masomo Chicago, alikuwa ameomba nafasi mara kadhaa akakataliwa, kisha akafungwa kwa kesi ya kubambikiwa ya wizi wa chakula cha kuku. Alifariki mwaka 1963. McCarty aliyajua mambo ya mji wake, na bado alikichagua chuo hicho, akiagiza kipaumbele kiwe kwa wanafunzi weusi wasio na uwezo.

Makubaliano hayo, yaliyotangazwa mwaka 1995, yalikuwa ya amana isiyoweza kutenguliwa: benki isimamie fedha, yeye atunzwe kwazo akiwa hai, na sehemu ya chuo ikabidhiwe akifariki. Wafanyabiashara wa Hattiesburg hawakutaka msaada usubiri mazishi. Walichanga wao, na mwanafunzi wa kwanza, binti wa hapo hapo mjini, akapewa dola 1,000 mwaka uleule. Baadaye wachangiaji zaidi ya 600 waliongeza zaidi ya dola 330,000 katika mfuko huo. Chuo Kikuu cha Harvard kilimtunuku McCarty shahada ya heshima mwaka 1996. Alifariki tarehe 26 Septemba 1999, akiwa na miaka 91, na sehemu ya chuo ikaingia kwenye mfuko wa wanafunzi kama alivyoagiza.